Salamu Kabla ya Kiti

Mdogo wangu wa kike, wa mwisho, ni daktari bingwa wa meno ya bandia, na mimi ndiye ninayempangia kazi. Kliniki yetu iko Mabwerebwere, mjini Kilosa, katika nyumba ya kupanga yenye baraza pana mbele. Kila Alhamisi tunahamia Mikumi, kwenye chumba kimoja karibu na barabara kuu. Watu wakiniuliza cheo changu huwaambia mimi ni msimamizi. Mdogo wangu akiwa na furaha husema mimi ni bosi wake. Akiwa amechoka huniita kondakta, kwa sababu kabla ya kliniki nilikata tiketi za mabasi stendi kwa miaka mingi, na hata sasa mgonjwa akichelewa kuinuka mkono wangu huenda wenyewe kugonga ukuta, kama vile nagonga ubavu wa basi.

Shule niliiacha kidato cha pili. Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa. Tukabaki wanne, mimi mkubwa, na huyu daktari akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Baada ya arobaini ndugu walikaa kikao wakatugawa: huyu kwa shangazi, huyu kwa mama mkubwa, na huyu wa mgongoni kwa baba mdogo, kijijini Tindiga. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikasema hatuendi popote.

Baba mdogo akaniangalia. "Utawalisha nini? Maneno?"

"Nitafanya kazi."

"Kazi gani wewe, na miguu hiyo kama ya korongo?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na kikao kikaishia hapo. Hawakuniamini, lakini hawakunizuia, na kila mmoja alitusaidia kwa nafasi yake. Mchele tuliokula miaka ile ulitoka kwa baba mdogo huyohuyo. Sina kinyongo na mtu. Nayaeleza haya ili ieleweke kwa nini mdogo wangu aliporudi nyumbani akiwa bingwa, moyo wangu ulishindwa kutulia. Wale wawili wa kati wana maisha yao mbali. Huyu alikuwa amerudi, lakini kwa majaribio tu.

Alinieleza wazi siku ya kwanza, tukiwa tunapaka rangi kuta. Hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa inamtaka, na walikuwa tayari kumsubiri mpaka mvua za masika ziishe.

"Nimekuja kujaribu, kaka," alisema. "Nikiona kazi ya hapa inanimaliza, nitaenda. Na sitaki uninunie."

"Sitakununia."

"Wala usiniombe nibaki."

"Sitakuomba."

Akaniangalia kuona kama nasema kweli, kisha akaendelea kupaka rangi. Nami nikaendelea na ukuta wangu nikijua ni nini ninachokitaka, na kwamba sina ruhusa ya kukitamka.

Kazi ya meno ya bandia haiishi kwa siku moja. Kwanza mizizi iliyooza hung'olewa, na fizi huachwa zipone. Kisha daktari huweka mdomoni kitu laini kama ugali mwepesi, kikiganda anakitoa na umbo la fizi limebaki humo. Umbo hilo hupelekwa kwa fundi wa meno Morogoro. Mgonjwa hurudi kujaribu meno yaliyopangwa kwenye nta, waone kama yanakutana vizuri, ndipo fundi atengeneze yenyewe. Hata yakishavaliwa, lazima arudi tena, maana pembeni patamchubua na patahitaji kusuguliwa. Kwa hiyo mtu mmoja anakuja mara nyingi, na kwetu huku mtu mmoja haji peke yake. Bibi anakuja na binti yake, na mkwe, na mjukuu wa kubeba kikapu.

Na walikuja. Sikuwa najua ni watu wangapi wilayani kwetu wanaongea wakiwa wamefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Kulikuwa na mama wa Ulaya, ile Ulaya ya hapahapa wilayani kwetu, ambaye kwenye harusi hujipeleka jikoni na kubaki hukohuko, ili asipigwe picha. Kulikuwa na mwalimu wa madrasa ambaye herufi nyingine zilikuwa zinamtoka na upepo, na watoto wanamwiga. Wote hao zamani wangeambiwa waende Morogoro au Dar, nao wasingeenda.

Mimi nikaweka utaratibu niliouzoea. Stendi anayewahi ndiye anayepanda. Nikakata vipande vya boksi, nikaviandika namba, anayefika kwanza anachukua ya kwanza. Niliuona ni utaratibu wa haki. Ila watu wa mjini walikuwa wanafika alfajiri, namba zote za juu zinakwisha, na wale wa Ulaya na Tindiga, waliotoka kwao mapema kuliko wote, baiskeli kisha gari, wanafika jua limepanda na kupata namba za mkiani. Hawawezi kurudi bila kuonwa. Daktari naye hawezi kuwaacha. Basi akawa anamaliza kazi watu wanatoka swala ya magharibi.

Siku moja bibi mmoja wa Ulaya alikosa gari la kurudi, nikampeleka kwangu akalale. Niliporudi kliniki kufunga mlango nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye benchi la baraza, mwanawe wa darasa la kwanza amelala mapajani pake, sare ya shule bado mwilini. Mumewe anafundisha Morogoro na huja mwisho wa wiki, hivyo mtoto alikuwa anamsubiri mama yake palepale kila jioni.

"Kaka," alisema, "hii siyo kliniki. Hii ni stendi."

"Tutaipanga."

"Huyu ameniuliza leo kama na yeye achukue namba ndiyo aongee na mimi."

Nikafunga mlango. Alimbeba mtoto wakaondoka. Kuanzia wiki ile nikawa namwona anaandika meseji ndefu kwenye simu saa ya chakula, na mimi siulizi.

Mvua zilikuwa zimeshaanza. Tulikaa watatu, yeye, mimi na muuguzi wetu, mama wa makamo kutoka vijiji vya milimani, tukajaribu kuelewa muda unakwenda wapi. Mdogo wangu alidhani ni wingi wa watu. Mimi nikadhani ni umeme, maana ukikatika mashine zinasimama. Muuguzi akasema ni mimi, nachekesha watu sana mapokezi. Wote watatu tulikuwa tumepata kidogo na kukosa kidogo.

Jibu lilianza kujitokeza siku alipokuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu na msoma neno kanisani kwao milimani. Alikuwa msafi, koti limepigwa pasi, viatu vina matope lakini vimefutwa. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na daktari alikuwa ameamua kwenda haraka. Mzee akakaa kwenye kiti, kiti kikalazwa, taa ikawashwa. Daktari, barakoa usoni na glavu mikononi, akasema, "Fungua mdomo, mzee."

Mzee akatulia, mdomo umefungwa.

"Fungua mdomo, mzee wangu."

Kimya. Macho yanatazama dari. Daktari akaweka kioo chake chini, akaanza kumpapasa taya, akidhani limekaza. Kuna ugonjwa wa namna hiyo, na hauna mzaha. Akamwambia muuguzi alete taa ndogo, akaniita mimi nilete jalada la mzee. Nikaingia.

"Shikamoo mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Daktari akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, taya linauma?"

"Taya langu ni zima," mzee akasema kwa upole. "Nilikuwa namsubiri mtoto anisalimie."

Muuguzi akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Mdogo wangu akavua barakoa, akavua glavu, akapiga goti kidogo kando ya kiti. "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia, akauliza habari za nyumbani, akauliza mtoto anasoma wapi, akasema kazi ya kutibu ni kazi njema. Alipomaliza akajilaza mwenyewe, akafungua mdomo mpana kiasi kwamba daktari hakuhitaji kusema neno.

Baada ya hapo daktari akawa hasahau kusalimia, ila alitaka kuokoa muda, akawa anasalimia huku akifanya kazi. Wiki ileile bibi mmoja wa Tindiga alikuwa kitini, kioo na kidole cha daktari vimo mdomoni, daktari akasema, "Shikamoo bibi." Bibi alikuwa amebakiwa na meno machache ya mbele, lakini yalikuwa yanafanya kazi. Akafunga mdomo ili aitikie vizuri.

Nilisikia ukelele kutoka mapokezi.

"Bibi, umening'ata," mdogo wangu alisema, akitikisa kidole.

"Na wewe, mwanangu, ningeiachaje shikamoo yako inaning'inia? Nipe hicho kidole nikione. Pole. Basi mengine yang'oe tu, yana fujo."

Jioni ile, baada ya muda mrefu, nilimsikia mdogo wangu akicheka. Alikuwa anamsimulia mumewe kwenye simu. Alipokata simu, hakucheka tena. Akaja mapokezi, akaegemea meza yangu.

"Nimegundua kitu," akasema. "Pale kitini nafanya kazi tatu. Nasalimia, nafanya kikao cha ukoo, halafu ndiyo natibu. Leo yule mama wa pili, nimeshachoma ganzi, mkwe akasema ngoja kwanza, tumpigie kaka yake mkubwa atoe ruhusa ya kung'oa. Simu haipatikani. Ganzi ikaisha."

"Kwa hiyo tuwakataze kuja na ndugu?"

"Ukiwakataza hawatakuja. Mimi mwenyewe nilipokwenda kusoma, ulipiga simu kwa nani?"

"Kwa baba mdogo."

"Na shangazi, na mama mkubwa. Kwa hiyo tusikatae. Tutoe nje tu. Salamu nje, kikao nje, ndani mdomo unafunguliwa."

Hilo lilikuwa wazo lake. La kwangu lilikuwa kuacha namba na kupanga siku kwa barabara. Stendi pia huchanganyi abiria wa Mikumi na wa Dumila kwenye basi moja. Nikawagawa: siku ya Tindiga, siku ya Ulaya, siku ya milimani, na wa mjini waje siku yao, na tena kwa saa, maana wao wapo karibu. Mwenye maumivu makali anaingia siku yoyote. Wa Ulaya wote wanafika na gari moja na wanaondoka na gari moja, na wanafahamiana, hivyo hakuna anayelalamika kuwa jirani ametangulia. Muuguzi akapewa kazi ya kikao. Anakaa barazani na ndugu wote, mkononi ana meno ya bandia ya mfano na taya la plastiki, anawaeleza kinachong'olewa, kinachowekwa, mara ngapi watarudi. Wanashika, wanageuza, wanabishana, wanapiga simu kwa kaka mkubwa aliko. Wakishakubaliana, ndipo mgonjwa anaingia.

Na daktari kila asubuhi, kabla ya kuvaa glavu, anatoka nje na kupita benchi moja hadi jingine, anampa kila mzee shikamoo yake, anasubiri marahaba, anauliza ya nyumbani. Mimi nilihofu kwamba hapo ndipo muda wote utapotelea. Nikasimama mlangoni naangalia saa ya ukutani kama askari. Haukupotea. Mtu aliyesalimiwa nje aliingia ndani akakaa, akafungua mdomo. Hofu pia ilikuwa imepungua, maana alikuwa ameshamwona uso kabla haujafichwa na barakoa.

Siyo kwamba mambo yote yalinyooka. Siku ya Tindiga, wakati wa palizi ya mpunga, aliingia kijana mmoja kwa ajili ya kujaribu meno kwenye nta. Daktari akajaribu, hayakukaa. Akageuza, akasukuma, akaanza kumlaumu fundi wa Morogoro. Kisha akachungulia vizuri, akakuta mdomo umejaa meno yake mwenyewe, mazima, meupe.

"Wewe ni nani?"

"Mimi mdogo wake. Kaka yuko shambani, maji yameingia kwenye majaruba. Kaniambia nije nijaribu badala yake. Tumezaliwa tumbo moja, daktari, hata viatu tunavaliana."

"Na mdomo mnavaliana?"

"Sasa hilo wewe ndiye uliyesoma," akasema kijana.

Muuguzi akatoka nje. Mimi sikutoka, nilicheka palepale. Siku ile tuliongeza neno kwenye maelezo ya barazani: mwenye mdomo aje mwenyewe.

Mikumi hatukuhitaji hata nusu ya haya. Kule wagonjwa wengi ni madereva wa malori na watu wanaofanya kazi kwenye hoteli za watalii, na wana haraka. Dereva anaacha lori na utingo wake, anaingia akisema, "Dokta, hili linauma tangu Tunduma, litoe." Mmoja alitaka jino la mbele liwe la dhahabu, ili kwenye vituo vyote vya mizani wamjue. Mdogo wangu hupenda Alhamisi kwa sababu anapumzisha magoti. Lakini nimegundua kwamba Ijumaa asubuhi, akirudi Mabwerebwere, hutoka barazani mapema kuliko siku nyingine.

Ni huko barazani alikoanza kusikia mambo ambayo mimi sikumwambia. Bibi yule wa Tindiga, aliyemng'ata, alikuja kupewa meno yake. Daktari alipomwinamia kumsalimia, bibi alimshika mkono asiuachie.

"Nimeuliza," bibi alisema. "Wameniambia wewe ni mtoto wa nani. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unakatiwa tiketi."

"Mimi, bibi? Tiketi gani?"

"Huyo kaka yako alikuwa anakata tiketi na wewe uko mgongoni. Ukilia, anakukatia kitiketi chako, unakishika, unanyamaza. Sisi wa gari la Tindiga tulikuwa tunakuita abiria asiyeshuka."

Mdogo wangu aligeuka akanitazama mlangoni. Nilijifanya naitafuta kalamu. Yale ya kitiketi nilikuwa nimeyasahau kabisa, na nashukuru kwamba kuna mtu aliyenitunzia.

Bibi akaingia, akavalishwa meno, akapewa kioo. Alijitazama muda mrefu. Akasema "Tindiga," kisha "shikamoo," kisha "sisimizi," akijaribu. Halafu akatoka barazani kwa wanawe, na badala ya kuwaonyesha meno akaanza kuwagombeza kwa nini wamevaa ovyo kuja mjini. Binti yake alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusikia maneno yote ya mama yake yakitoka mazima.

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Barabara ya Ulaya ilikuwa imeanza kukauka. Siku moja ya Jumatano, nilimaliza kufuta benchi nikaingia ndani kumwambia daktari kwamba gari la Ulaya limeshaondoka na watu wake wote.

"Nani amebaki?" akauliza, akiwa anaosha mikono.

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro."

Akatoka barazani kuhakikisha. Akatazama benchi tupu, akarudi ndani. Mwanawe alikuwa uani, anapiga mpira ukutani, sare ameshabadilisha. Tulikula wali na maharage ya muuguzi, mdogo wangu akala polepole. Simu yake iliita. Akaitazama, akaiweka mezani, ikaendelea kuita.

"Ni wa Dar," akasema. "Walisema watapiga leo. Wanataka jibu."

Nilitafuna maharage.

"Hutasema kitu?"

"Niliahidi."

"Kaka mkubwa, mtu anaweza kuvunja ahadi kidogo."

"Sikukulea ili nikushike," nikasema. "Nilikulea ili uende unakotaka. Ukienda nitakusindikiza mpaka stendi, na siti nitakuchagulia mimi, ya dirishani." Nikanywa maji.

Simu ilikuwa imenyamaza. Akaichukua, akatoka nayo uani. Muuguzi na mimi tulibaki tumeangalia sahani. Mpira uliacha kudunda. Nilimsikia mdogo wangu akisalimia, akisikiliza, akisema ndiyo, ndiyo, naelewa. Kisha akasema, "Nawashukuru sana kwa kunisubiri. Lakini wagonjwa wangu wako huku, na kazi imeanza kukaa sawa. Hapana. Hapana, siyo mshahara."

Aliporudi alikuwa na uso wa kazi.

"Masharti," akasema. "Moja, Ijumaa nafunga kabla ya swala. Ukimpokea mtu baada ya hapo, utamng'oa wewe."

"Sawa."

"Pili, kile chumba cha nyuma ulichojazia maboksi kitolewe maboksi. Kuna daktari kijana Morogoro anataka kuja kujifunza kazi hii. Tutahitaji kiti cha pili."

"Sawa, daktari."

"Tatu, usiniite daktari tukiwa tunakula."

"Sawa, mama."

Muuguzi akainuka kukusanya sahani, akasema kwamba kiti cha pili maana yake baraza la pili, na yeye ana mdomo mmoja. Wakaanza kubishana juu ya benchi zitakaa wapi, nami nikawaacha.

Siku ile nilifika nyumbani jua bado liko juu ya milima. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, mdogo wetu amebaki. Akaziweka nguo begani, akaniambia niketi anipikie chai.